Mgeni wa chumba namba saba: uchambuzi wa kisa cha daftari la gesti Dodoma

Kisa hiki kilinifikia kupitia kazi ya usaidizi wa kisheria ninayoifanya hapa Dodoma. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Ingekuwa kichekesho kumwanika mtu katika andiko linalotetea faragha yake. Nitamwita mwalimu kwa sababu ndiyo kazi aliyosomea, ingawa ajira bado hajapata. Gesti siitaji. Haina upekee wowote, na gesti nyingi za bei ya chini mjini hapa zina daftari la namna hiyo hiyo juu ya meza.

Kilichotokea

Mwalimu alitoka Sumbawanga kuja kwenye usaili wa mchujo wa ajira serikalini. Basi liliingia stendi ya Nanenane usiku, na ulikuwa msimu wa Bunge la bajeti, kipindi ambacho vyumba Dodoma vinagombaniwa na bei hupanda bila aibu. Gesti mbili za kwanza zilikuwa zimejaa. Bodaboda akampeleka ya tatu, mitaa ya ndani kidogo.

Mapokezi palikuwa na meza, televisheni iliyowashwa, mhudumu mwenye usingizi, na kaunta buku lenye jalada gumu. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Kurasa zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula na kugawanywa safu tisa: tarehe, jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya simu, chumba, saini. Mhudumu akamsogezea daftari bila kuinuka. "Andika hapo dada, fuatisha wenzako."

Akafuatisha wenzake, yaani alisoma mistari ya juu ili ajue yeye aandike nini. Alikuwa amechoka, na si mtu wa kudanganya. Akaandika jina lake na la baba yake, kabila Mfipa, kazi mwalimu, anatoka Sumbawanga, anakwenda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kwenye usaili, namba ya simu, chumba namba 7. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wakisubiri zamu, mabegi yao sakafuni. Mmoja aliinama kidogo juu ya bega lake. Alidhani anatafuta mahali pa kuandika.

Saa tano na nusu ukaingia ujumbe: "Mambo mwalimu, karibu Dodoma. Mbona umelala mapema?" Hakujibu. Dakika chache baadaye simu ikatoa mlio wa kupokea pesa, shilingi 5,000 kutoka namba asiyoijua, na ujumbe ukafuata: "Ya soda. Tuongee kidogo tu." Wa tatu ulimwita kwa jina la ukoo. Jina hilo hakuliandika kwenye daftari, wala hakuna anayemwita kwalo nje ya nyumbani kwao. Anasema huo ndio uliomtoa jasho. Baadaye mlango uligongwa mara mbili, taratibu. Hakufungua, na mpaka leo hajui aligonga nani. Alisukuma kitanda hadi mlangoni, akakaa macho na taa ikiwaka mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi alikwenda kwenye usaili. Na alifaulu.

Jina la ukoo lilipatikanaje

Hapa nitakaa kidogo, maana nilipomsimulia mwenye gesti alidhani kuna ulozi au mtu wa kampuni ya simu aliyevujisha. Hakuna lolote la namna hiyo.

Laini za simu za raia zimesajiliwa kwa alama za vidole zikiunganishwa na kitambulisho cha Taifa. Kuanzia tarehe 20 Januari 2020 ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Kwa hiyo namba ya simu ya Mtanzania si namba tu, imeshikana na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Unapomtumia mtu pesa kwa simu, mtandao hukuonyesha jina lililosajiliwa kabla hujathibitisha, ili usitume kwa mtu mwingine. Ni utaratibu mzuri, umewaokoa wengi na mimi nikiwamo. Ila una maana kwamba yeyote mwenye namba yako na shilingi mia chache anaweza kujua jina lako lililoko kwenye usajili. Akishakuwa na jina, anaingia Facebook na Instagram kutafuta sura, shule uliyosoma, ndugu zako.

Mlango huo uko wazi pande zote mbili. Mwalimu naye aliijaribu namba ile kama anayerudisha ile elfu tano, akaliona jina la yule bwana. Analo hadi leo. Hivyo siwezi kusema mfumo wa majina uondolewe. Ninachosema ni kwamba katika nchi ambayo namba ya simu inafungua mambo mengi kiasi hicho, kuiandika kwenye ukurasa ambao kila apitaye anausoma ni jambo zito kuliko ilivyokuwa miaka ya tisini, zama ambazo daftari kama hili lilibeba jina na sanduku la posta.

Tena tazama kilichokutana kwenye mstari ule mmoja. Jina peke yake lisingemsaidia yule bwana, na namba ya chumba peke yake isingemfikisha popote. Lakini alipata kwa pamoja kwamba huyu ni mwanamke, ametoka mbali, hana mwenyeji mjini maana angekuwa naye asingelala gesti, anatafuta kazi kwa hiyo huenda hana pesa, amelala mlango fulani, na simu yake ni hii. Hata ile elfu tano haikuwa ya kubahatisha. Alijua anamtumia nani.

Gharama

Watu niliowasimulia kisa hiki, hasa wanaume, huuliza: "Sasa kwani alifanywa nini?" Hakupigwa, hakuibiwa, mlango haukuvunjwa. Kwa hesabu hiyo hakuna kilichotokea.

Hesabu yangu inaanzia wiki tatu baadaye, alipoitwa kwenye usaili wa mahojiano, Dodoma hiyo hiyo. Alimwambia mama yake yaliyomkuta, mama akamwambia baba, na baba akasema binti haendi peke yake. Kaka mdogo, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu, akafunga kibanda siku nne kumsindikiza. Nauli ikawa ya watu wawili kwenda na kurudi, vyumba viwili, chakula cha watu wawili. Pesa ilikopwa kwenye kikoba cha mama. Mahojiano yenyewe hakupita, lakini hilo ni jambo jingine.

Nafasi nyingine ilipotangazwa, na usaili ukapangwa Dodoma, hakuomba. Aliniambia hivi, na nanukuu kwa idhini yake: "Siogopi mtihani. Naogopa ile karatasi ya mapokezi."

Kwa macho yangu hapo ndipo madhara yalipo. Hakuna askari aliyemzuia stendi wala sheria iliyomkataza kusafiri. Ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kwenda kokote katika Jamhuri na kuishi popote. Haki hiyo anayo bado, kwenye karatasi. Kwa vitendo sasa anahitaji ruhusa ya baba, muda wa kaka, na mkopo wa mama. Mtu mzima mwenye shahada amerudishwa chini ya ulezi kwa sababu ya safu mbili za daftari, ile ya simu na ile ya chumba.

Ibara inayotangulia hiyo, ya 16, ndiyo inayolinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, maskani na mawasiliano yake. Zote mbili ziliingia pamoja na hati ya haki mwaka 1984. Sijui kama waliozipanga waliziweka jirani kwa makusudi, ila kisa hiki kinaonyesha zinavyotegemeana. Msafiri asiye na ndugu mjini anaweza kwenda atakako kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba watu wa huko hawajui amelala wapi. Ukimwondolea hilo, umemwondolea safari, na huna haja hata ya kumkataza.

Na hii inawauma zaidi wanawake. Mwanaume aliyekuwa nyuma yake naye aliandika namba na chumba. Hakuna aliyemtumia ya soda.

Daftari lina kazi gani

Niliongea na mhudumu, na baadaye na mwenye gesti. Wote walinijibu kwa heshima, na hoja yao ina uzito: nyumba za kulala wageni zinatakiwa kuandikisha wageni, polisi hupita kukagua, na halmashauri nayo hutazama idadi ya waliolala kwa ajili ya ushuru. "Akikutwa mgeni hajaandikwa, nafungiwa mimi, si huyo mgeni," mwenye gesti alisema. Mwizi akikimbilia mjini, kitu cha kwanza polisi wanachouliza gestini ni daftari. Sina ugomvi na hilo. Maiti ikikutwa chumbani, jina kwenye daftari ndilo linalomrudisha marehemu kwa ndugu zake. Mgeni lazima aandikwe.

Lakini nilimwomba mwenye gesti tufungue kurasa za nyuma pamoja. Hatukusoma majina kwa sauti, tulitazama tu safu. Tulikuta namba za simu zenye tarakimu tisa, nyingine kumi na moja. Tulikuta "mkulima, Kondoa" ikijirudia kwa miandiko tofauti na saini zinazofanana. Mwenye gesti akacheka: "Hawa wanakuja na michepuko yao, unadhani wataandika ukweli?"

Ndiyo hivyo. Mwenye la kuficha alishajua zamani kwamba daftari linasomwa na kila mtu. Anajua mke anaweza kufika mapokezi asubuhi, akauliza kwa ukali, na mhudumu akamgeuzia ukurasa ajitafutie. Kwa hiyo anaandika uongo, na mhudumu anajua ni uongo. Anayebaki na taarifa sahihi humo ni mtu kama mwalimu. Daftari lililowekwa wazi kwa jina la usalama linamwanika mkweli na kumsitiri mwongo, na siku polisi wakimtafuta mtu kweli watakutana na mkulima wa Kondoa.

Ule usemi kwamba asiye na la kuficha hana cha kuogopa unafia hapa. Mwalimu hakuwa na la kuficha. Aliandika kila kitu, na kuandika kila kitu ndiko kulikomponza. Safari yake ya pili na kaka yake, unadhani waliandika nini? Aliniambia huku akiona haya kidogo: jina si lake, namba ya kaka yenye tarakimu moja iliyobadilishwa. Gesti imempoteza mgeni mkweli, na polisi wamempoteza pia.

Kuna safu moja iliyonisumbua kuliko nyingine, nayo ni ya kabila. Nilimuuliza mwenye gesti inamsaidia nini. Akafikiri, akasema alikuta wenzake wanaweka. Tanzania tunajivunia, na kwa haki, kwamba kabila halitugawi, na labda ndiyo sababu tunaliandika bila kujiuliza. Jirani zetu walijiuliza wakiwa wamechelewa: Rwanda kabila liliandikwa kwenye vitambulisho tangu enzi za Wabelgiji, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho ndicho kilichoamua nani apite na nani auawe. Waliookoka na waliokimbia walivuka kwa mamia ya maelfu hadi Ngara, upande wetu wa mpaka. Kaunta buku la gesti ya Dodoma liko mbali sana na hayo, najua. Hoja yangu ni ndogo: taarifa ikishaandikwa hukaa ikimsubiri msomaji, na anayeiandika leo hamchagui msomaji wa kesho.

Sheria inasemaje

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Wengi wanadhani ni sheria ya kompyuta na mitandao. Sivyo. Taarifa binafsi ndani yake ni taarifa ya mtu anayetambulika iliyorekodiwa kwa namna yoyote, na kalamu ya uzi imo. Mwenye gesti, apende asipende, ni mkusanyaji wa taarifa binafsi kama ilivyo benki.

Misingi yake inaeleweka bila wakili. Kusanya kinachohitajika kwa kazi unayoifanya, usizidishe. Kitumie kwa kazi hiyo tu. Kilinde kisimfikie asiyehusika. Usikae nacho milele. Asili ya kabila la mtu imewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Ukiipima ile safu ya tatu kwa kipimo hicho, haisimami.

Adhabu zimo. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, faini ni kuanzia shilingi laki moja hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kampuni inaweza kufika bilioni 5. Sidhani hakimu angemfunga mwenye gesti kwa kuacha daftari wazi mezani, na nisingetaka. Kosa lake ni la uzembe wa ulinzi zaidi kuliko la kuuza taarifa. Yule bwana wa elfu tano ni habari nyingine, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia, na jina lake tulikuwa nalo.

Mwalimu hakushtaki. Nilimweleza njia zote mbili, kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia, na malalamiko kwa Tume. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huko nako nitaandika jina, simu na ninapoishi?" Nikamjibu ndiyo. Akasema atafikiria. Simlaumu hata kidogo, ingawa kama mtu wa sheria iliniuma. Aliyeumizwa na karatasi moja unamwomba ajaze nyingine, na imani ya kujaza ndiyo iliyovunjika.

Tulichopata na tulichokosa

Kwa kuwa yeye hakutaka jina lake lionekane, nilirudi gestini kwa jina langu. Sikumpelekea mwenye gesti barua ya vitisho. Nilimpelekea pendekezo: kila mgeni ajaze karatasi yake peke yake, mhudumu aitumbukize kwenye sanduku lenye kufuli, na chumba kiandikwe kwa namba ya karatasi badala ya kukaa ubavuni mwa jina. Askari akija apewe, asaini kwamba amesoma. Karatasi zikizeeka zichomwe. Hili la mwisho alilicheka, nikamwonyesha kipande cha daftari nilichofungiwa karanga sokoni Majengo: kilikuwa orodha ya wateja wa duka fulani, majina na madeni yao. Hakucheka tena.

Karatasi moja moja alizikataa. Alisema karatasi hupotea, na askari akikosa moja atamwona mwizi. Ni hoja ya kweli, sikuweza kuipangua. Tukakubaliana juu ya kadibodi: boksi la maji limekatwa, likatobolewa dirisha refu lenye upana wa mstari mmoja, linalazwa juu ya ukurasa. Mgeni anaona mstari wake tu. Mhudumu ndiye anayelisogeza. Namba ya chumba imehamia kwenye daftari dogo linalokaa kwenye droo na funguo. Gharama yake haikufika bei ya soda.

Safu ya kabila ameibakiza. Anasema ataifuta siku mkaguzi akimwambia haihitajiki, si kabla. Nilimwachia nakala ya kurasa za sheria zinazohusika, nikapigia mstari sehemu ya taarifa nyeti. Nilipopita tena, kadibodi ilikuwa ipo na inatumika. Nakala yangu ilikuwa chini ya kioo cha meza, maandishi yakitazama juu, na wageni wanaisoma wakisubiri zamu. Mmoja, mama wa makamo kutoka Mpwapwa aliyekuja kufuatilia mafao ya marehemu mumewe, alikuwa ameruka safu ya kabila. Mhudumu alimkumbusha. Mama akagonga kioo kwa kidole, pale nilipopigia mstari, akasaini na kuomba ufunguo.

Mhudumu alimpa.